Kamera mpya imekuangusha? Hivi ndo unavyoirudisha dukani, hatua kwa hatua

Nimeshawahi kurudisha kamera ya dijitali mara mbili. Ya kwanza nilirudi nayo nyumbani ileile na uchungu juu, ya pili nilirudishiwa hela yote ndani ya nusu saa pale kaunta, na ukiniuliza tofauti ilikua wapi nitakwambia haikua kwa muuzaji, ilikua kwangu mimi. Mara ya kwanza nilienda na hasira tupu, nasema tu "hii kamera mbaya, picha zake sizipendi", mara ya pili nilienda na risiti, boksi lake, picha 4 nilizozitoa kwenye karatasi na sentensi moja fupi inayosema kasoro ni ipi. Basi mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule ambae ametoka kununua kamera juzi, amejinyima miezi kadhaa kuinunua, anaangalia picha na moyo unamwambia kuna kitu hakiko sawa, ila hajui aanzie wapi.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza: duka halikurudishii hela kwa sababu umesikitika. Linarudisha kwa sababu kuna ubovu unaoonekana, au kamera sio ile waliyokutangazia, au siku zao za kurudisha bado hazijaisha na kitu bado kinaonekana kipya. Kwa hiyo kazi yako yote ni kujua wewe uko kwenye lipi kati ya hayo, afu ulionyeshe.

HATUA YA 1: Acha kuitumia, angalia tarehe

Leo hii, sio kesho. Toa risiti uangalie ulinunua lini, kama uliagiza mtandaoni angalia mzigo ulifika lini, maana maduka mengine yanahesabu kuanzia siku uliyolipa na mengine kuanzia siku uliyopokea. Afu soma nyuma ya risiti au kwenye tovuti yao wanatoa siku ngapi, ziandike ukutani au weka alamu kwenye simu. Watu wengi sana wanapoteza haki yao hapa tu, kamera inakaa kabatini wiki tatu huku mtu anasema "nitaipa nafasi nyingine", akija kushtuka siku zimekwisha na sasa anaambiwa aende kwenye waranti, na waranti maana yake mara nyingi ni kutengenezewa, sio kurudishiwa hela.

Na nikisema uache kuitumia ni kweli uache. Kamera inahesabu picha. Nyingi zinaandika hesabu hiyo ndani yake na fundi anaweza kuisoma, sasa ukienda kusema "nimeijaribu kidogo tu" wakati imeshapiga picha 3,000 za harusi ya binamu yako, umeshajiharibia. Piga zile za majaribio tu nitakazokuelekeza. Kadi ya waranti usiijaze kwa kalamu kwanza, plastiki iliyogandishwa kwenye skrini kama bado ipo iache, na mkanda wa shingoni ukishaukunja ukunje kama ulivyokua.

HATUA YA 2: Jiulize ukweli, ni mbovu au haikufai?

Hapa uwe mkweli na nafsi yako maana njia ni tofauti kabisa.

Kamera mbovu ni ile ambayo kuna kitu hakifanyi kazi inavyotakiwa: lenzi haifunguki, fokasi (ile kulenga ili picha itoke kali) haishiki, upande mmoja wa picha una ukungu siku zote, inazima yenyewe, kitufe kimekwama. Kamera isiyo kama ilivyotangazwa ni ile uliyoambiwa inarekodi video ya 4K haina, uliambiwa mpya kumbe imetumika, boksi limeandika modeli moja ndani iko nyingine. Na kamera isiyokufaa ni nzima kabisa, ila wewe ulitarajia ikupigie picha za usiku kama mchana, au ni nzito, au menyu zake zinakuchosha.

Hizo mbili za kwanza unadai. Hii ya tatu unaomba, au unatumia zile siku za kurudisha walizoziweka wenyewe. Ukiingia na ya tatu huku unajifanya ya kwanza, muuzaji mzoefu atakugundua dakika mbili tu, na kuanzia hapo hata ukisema ukweli hakuamini tena.

Niseme kidogo kuhusu hii ya tatu maana ndo inayoumiza wengi. Wengi tumenunua kwa kuangalia megapikseli, yaani hesabu ya vidoti vinavyounda picha. Kamera ndogo za bei ya chini nyingi zina sensa (kile kisahani cha ndani kinachopokea mwanga) ya kama milimita 6 kwa 4.5, wakati ile sensa kubwa wanayoita full frame ni milimita 36 kwa 24, ukizidisha unapata eneo kubwa kama mara 30. Sasa hata kama zote mbili zimeandikwa megapikseli 20, ile ndogo inakusanya mwanga kiduchu, ndo maana ndani ya nyumba usiku picha zinatoka na chengachenga. Sio ubovu, ndo ilivyo. Na zumu hivohivo: ya lenzi ndo zumu kweli, ya dijitali ni kukata picha na kuivuta tu, ukiona boksi limeandika namba kubwa sana ya zumu soma vizuri ni ipi. Kama muuzaji ndo alikwambia maneno mengine, na unayo kwa maandishi au kwenye tangazo lao, hapo umehama kutoka kuomba kwenda kudai.

HATUA YA 3: Ipime vizuri kabla hujamlaumu mtu

Hii ndo hatua ndefu kuliko zote na ndo iliyonisaidia mara ya pili, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza ondoa yale yanayofanana na ubovu ila sio. Ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kurudisha settingi za kiwandani, bonyeza. Nimeona mtu analia kamera yake inatoa picha za giza kumbe alishagusa ile alama ya kujumlisha na kutoa ikabaki chini, kila picha inapunguzwa mwanga. Futa lenzi kwa kitambaa laini, alama ya kidole inatosha kuleta ukungu picha nzima. Ukiona ukungu kwenye kale kadirisha ka kuchungulia lakini picha zenyewe ziko safi, tafuta kagurudumu kadogo pembeni yake, kanarekebisha kulingana na macho yako, kamera haina shida. Chaji betri mpaka ijae. Na jaribu memori kadi nyingine, tafadhali usiruke hili, kadi feki na kadi za taratibu zinaifanya kamera igande, ikatishe video, ilete ujumbe wa kosa, afu kamera ndo inabeba lawama. Kwa video ya 4K tafuta kadi yenye alama ya V30, hiyo inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde.

Mistari myeusi inayopita kwenye picha au video ukiwa ndani chini ya taa, nayo mara nyingi sio ubovu. Taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde kufuatana na umeme wa hapo ulipo, jicho halioni ila kamera inaona, hasa ukiwa kwenye shata (ile inayofungua na kufunga mwanga unapopiga) ya kimyakimya. Badilisha spidi ya shata au toka nje kwenye jua ujaribu tena, mistari ikipotea basi ni taa.

Picha zenye mtikisiko pia angalia spidi. Kama taarifa za picha zinasema 1/10 ya sekunde na uliishika kwa mkono, hiyo ni mikono yako na giza. Weka kamera juu ya meza au stendi, weka taima ya sekunde 2, zima ule mfumo wa kuzuia mtikisiko, piga tena.

Umefanya yote hayo na bado? Sasa tunapima ubovu wenyewe.

Lenzi iliyokaa upande. Hii ndo ilikua ya kwangu. Tafuta ukuta wa matofali au gazeti ulilolibandika limenyooka, simama sawasawa mbele yake, kamera kwenye stendi, piga. Kuza picha uangalie kona zote nne. Kona zote kuwa laini kidogo kuliko katikati ni kawaida. Upande mmoja tu kuwa na ukungu huku mwingine uko safi sio kawaida. Kuhakikisha sio wewe uliyesimama vibaya, igeuze kamera juu chini upige tena palepale: kama mwanzo ukungu ulikua upande wa kushoto wa ukuta na sasa umehamia upande wa kulia wa ukuta, lenzi ndo yenye shida, kama umebaki palepale ukutani basi hukua umenyooka. Mimi niliishi na kamera ya kwanza kwa muda mrefu nikiamini sijui kupiga picha, kila mtu aliesimama kushoto kwenye picha za familia anatoka na ukungu, nikawa nasoma mafunzo usiku, nabadilisha settingi, najilaumu, kumbe kioo tu kilikaa vibaya tangu kiwandani. Hilo bado linaniuma ndo maana nimelieleza kwa urefu.

Vidoti vinavyowaka. Funika lenzi kabisa, piga picha kwa ISO ya chini (ISO ni namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga) kwa spidi ya 1/60 ya sekunde, afu nyingine kwa sekunde kadhaa. Kwenye ile ndefu vidoti vichache vya rangi ni kawaida. Kwenye ile ya 1/60 vikionekana wazi, na viko sehemu ileile kila picha, lalamika. Kamera nyingine zina kipengele kwenye menyu cha kuvifuta, jaribu kwanza. Kidoti kikiwa kwenye skrini tu na ukiangalia picha kwenye kompyuta hakipo, basi skrini ndo yenye tatizo, nayo ni kasoro ila ni nyingine, usizichanganye.

Vumbi kwenye sensa. Ukuta mweupe au mbingu isiyo na mawingu, weka tundu la lenzi liwe dogo, kama f/16, piga. Ukiona madoa ya kijivu yaliyo palepale kila picha, ni vumbi. Kamera ya kubadilisha lenzi vumbi linasafishika na sio sababu nzito sana ya kurudisha, ila kamera ndogo ambayo lenzi haitoki, vumbi la siku ya kwanza lina maana maana kulitoa ni mpaka kuifungua.

Fokasi. Mchana, mwanga wa kutosha, chagua pointi moja ya katikati, lenga kitu chenye mistari iliyo wazi, piga 10. Zikitoka 9 safi iko sawa. Zikitoka 4, andika.

Betri. Ile namba ya picha kwa chaji moja iliyoandikwa kwenye vitabu vyao mara nyingi inapimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengeneza kamera cha Japani, ukitumia video, Wi-Fi na kuangalia picha kila saa lazima upate pungufu. Pungufu kidogo sio hoja. Kamera kuzima ikiwa inaonyesha nusu chaji, hiyo ni hoja.

Na kama unahisi uliuziwa iliyotumika: weka kadi iliyoformatiwa (iliyosafishwa yote kwenye menyu), piga picha moja, angalia namba ya faili. Mpya kabisa kwa kawaida inaanzia 0001. Ila usikimbilie kupiga kelele, ukiweka kadi yenye picha za zamani kamera nyingi zinaendelea na namba za pale kadi ilipoishia, ndo maana nimesema kadi iliyoformatiwa. Angalia na mikwaruzo sehemu ya chini panapofungwa stendi na kwenye reli za chuma panapokaa flashi, kamera mpya hapo haina mikwaruzo.

HATUA YA 4: Tengeneza ushahidi

Chagua picha 3 au 4 tu zinazoonyesha kasoro bila kubishaniwa, zile za ukuta, za lenzi iliyofunikwa, sio za mwanao amekimbia. Usizihariri, usizipitishe WhatsApp maana inazibana na taarifa zake zinapotea, zihamishe moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Faili halisi lina tarehe, modeli, spidi, ISO ndani yake na hiyo ndo nguvu yako. Kama shida ni ya kuzima au lenzi kukwama, rekodi video kwa simu ikitokea, hakikisha ujumbe wa kosa kwenye skrini unasomeka. Nasisitiza hili la video kwa sababu kasoro za kuja na kuondoka zina tabia ya kutotokea pale mbele ya muuzaji.

Andika na namba ya siriali ya kamera, ile iliyo chini yake, ulinganishe na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Zikitofautiana jua sasa hivi, sio pale kaunta.

HATUA YA 5: Soma masharti, jua sheria inasemaje

Masharti ya duka soma vitu vitatu: siku, hali ya kitu, na makato. Maduka mengine yanakata asilimia fulani kama boksi limeshafunguliwa, mengine yanakubali kubadilisha tu na sio kutoa hela, mengine bidhaa za ofa hazirudi. Makato ya boksi kufunguliwa yawe kwa aliebadilisha mawazo, kamera ikiwa mbovu usikubali kirahisi kukatwa.

Sheria inategemea nchi. Kwenye Umoja wa Ulaya ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu upokee kubadili mawazo bila kutoa sababu, na kama ni mbovu kuna dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2 kwa muuzaji. Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro urudishiwe hela kamili. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayolilazimisha duka kupokea kitu kizima ulichobadili mawazo nacho, unategemea masharti yao na sheria za jimbo. Kwingine tafuta sheria ya kumlinda mlaji ya nchi yako, soma sehemu ya bidhaa zenye kasoro, kurasa mbili tatu tu. Na hizo siku 14 za Ulaya zisikudanganye ukazurura nayo, ukiitumia zaidi ya vile ungeijaribu dukani wana haki ya kukupunguzia.

HATUA YA 6: Toa vilivyo vyako

Toa memori kadi yako. Mara ya pili nusura niiache ndani. Kamera nyingine zina memori ya ndani pia, angalia kama kuna picha huko, hamisha, futa. Afu futa neno la siri la Wi-Fi, futa simu uliyoiunganisha, na kama uliandika jina lako kwenye sehemu ya hakimiliki ya menyu lifute pia maana litaandikwa kwenye kila picha ya mmiliki anaekuja. Kwenye apu ya simu iondoe kamera. Mwisho rudisha settingi za kiwandani tena. Ila picha za ushahidi uwe umeshazihifadhi sehemu mbili.

Kama unawaachia kadi yao iliyokuja na kamera, kumbuka kufuta picha hakuziondoi kabisa, kuna programu za kuzirudisha. Picha za watoto na za ndani kwako zisipite humo toka mwanzo.

HATUA YA 7: Fungasha kama ulivyoipokea

Boksi, mapovu au karatasi ngumu za ndani, chaja, waya wa USB, betri, mkanda, kifuniko cha lenzi, kifuniko cha bodi kama ni ya kubadilisha lenzi, kitabu, kadi ya waranti. Linganisha na orodha ya vilivyomo, huwa iko kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Kikikosekana kimoja wanaweza kukata au kukataa kabisa. Boksi usilibandike selotepu ya ajabuajabu juu ya maandishi. Piga picha kila kitu kikiwa kimepangwa mezani, na picha ya kamera pande zote sita kuonyesha haina mkwaruzo.

Ulinunua mtandaoni? Omba kwanza namba ya kurudisha au karatasi yao ya kubandika, usitume tu. Ulizia na betri, zile za lithiamu zina masharti ya kusafirishwa, wengine wanataka ikae ndani ya kamera, wengine ifungwe mbali. Weka boksi la kamera ndani ya boksi jingine, tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia mzigo na bima, tunza risiti ya kutuma mzigo. Na uliza nani analipa nauli, ikiwa kasoro ni yao sio wewe unaetakiwa kubeba.

HATUA YA 8: Pale kaunta

Nenda asubuhi siku ya kazi, jumamosi jioni kila mtu amechoka. Salimia vizuri, alieko kaunta sio alietengeneza kamera, na mara nyingi ndo huyohuyo mwenye uwezo wa kukufungulia njia au kukufungia.

Mimi nilisema hivi: "Dada habari za kazi, naomba msaada wako. Hii kamera nimenunua hapa siku 6 zilizopita, risiti hii hapa. Picha zote zinatoka na ukungu upande wa kushoto, nimejaribu kadi mbili na nimerudisha settingi za kiwandani, hali ileile. Picha za mfano ni hizi. Naomba kurudishiwa hela." Basi. Nikanyamaza. Akaziangalia zile picha, akaita fundi wao, fundi akapiga picha mbili za rafu ya duka, akaangalia, akatikisa kichwa, yule dada akaanza kujaza fomu.

Angalia kilichomo kwenye maneno hayo: lini, wapi, kasoro moja, nilichokwisha kujaribu, ninachotaka. Usiongeze habari. Ukishaanza "afu pia rangi siipendi, na mume wangu alisema ni ndogo" umemhamishia kwenye kundi la kubadili mawazo, na yeye ana fomu nyingine ya hilo. Kama kweli umebadili mawazo sema hivohivo bila aibu: "Ni nzima, nimepiga picha 20 za kujaribu, haitanifaa, siku zangu bado hazijaisha, naomba kurudisha." Ukweli huu unafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, na wengi watakusaidia kuchukua nyingine.

Wakitaka kuipima wenyewe waache, ila simama hapohapo. Wakisema lazima ibaki, omba karatasi yenye tarehe, siriali, hali yake na jina la aliepokea. Usiondoke mikono mitupu.

HATUA YA 9: Wakikataa, au wakikupa kitu kingine

Mara nyingi jibu la kwanza ni kutengenezewa, au kubadilishiwa. Kubadilishiwa sio kubaya kama shida ni ya ile kamera moja tu, ila fungua hiyo mpya palepale, piga ukuta, kuza, angalia kona. Kama shida ni ya modeli nzima utapewa shida ileile kwenye boksi safi, hapo shikilia hela. Kutengenezewa ndani ya wiki ya kwanza mimi nisingekubali, umelipia kitu kizima sio kilichofunguliwa na fundi.

Vocha ya duka nayo usiipokee haraka kwa kitu kibovu. Kama umeamua kuipokea, angalia ina mwisho lini na kama inatumika kwa bidhaa zote.

Wakigoma kabisa, omba meneja kwa upole. Meneja akigoma, omba sababu kwa maandishi, ukirudi nyumbani waandikie barua pepe ileile sentensi yako na picha zilezile, weka na tarehe unayotaka jibu. Maandishi yanabadilisha mambo sana, neno la mdomo kila mtu analikana. Baada ya hapo kuna mamlaka ya kulinda walaji ya nchi yako, na kama ulilipa kwa kadi ya benki uliza benki kuhusu kupinga malipo, utaratibu huo upo ila una muda wake wa mwisho, usikae nao. Matusi mtandaoni yaache, yakitoka kabla hujamaliza hatua hizi yanawapa tu sababu ya kufunga masikio.

HATUA YA 10: Hela ikishakubaliwa

Kwa kawaida inarudi kwa njia uliyolipia, kadi kwa kadi, taslimu kwa taslimu. Ya kadi inachukua siku kadhaa, usishtuke kesho yake haipo. Tunza karatasi ya kurudisha mpaka uione kwenye akaunti, na angalia kiasi ni kilekile, hasa kama ulinunua pamoja na kadi au begi kwa ofa, hapo hesabu ndo hukosewa. Kama ulinunua waranti ya nyongeza idai nayo irudi, haijirudishi yenyewe, mimi niliikumbuka niko mlangoni nikageuka.

Ukienda kununua nyingine nenda na memori kadi yako mfukoni, omba upige picha 5 dukani kabla ya kulipa, ukutani, dirishani, kwenye kona yenye giza, afu zikuze palepale. Muuzaji akikataa kamera isijaribiwe kabisa, jaribu duka la pili.